Kabla Hujaigusa Saa ya Seva

Ondoa mkono kwenye kipanya kwanza, mwanangu, tuzungumze. Najua unachotaka kufanya. Umesambaza programu mpya tangu asubuhi, mkurugenzi anapiga simu kuuliza imefika wapi, na kwenye kioo chako nusu ya kompyuta hazijasema lolote. Umefungua mipangilio ya Configuration Manager, umekuta kompyuta zimepangiwa kuripoti kwa seva kila baada ya dakika 60, na umeshaweka nia ya kuzishusha ziwe tano. Vijana wengi wamenijia na nia hiyohiyo. Kila mmoja nimemweleza taratibu, na wewe nitakueleza taratibu, ingawa kwa umri huu sauti inachoka upesi.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Seva haizunguki ikigawa programu. Ndani ya kila kompyuta kuna ajenti, programu ndogo ambayo muda wake ukifika huenda kwa seva kama mtu anayebisha hodi mlangoni, ikauliza kama kuna agizo lake. Likiwepo hulichukua. Lisipokuwepo hurudi ilikotoka, ikasubiri zamu nyingine. Kila mtengenezaji alichagua urefu wa zamu hiyo. Configuration Manager ilipewa dakika 60, na nafasi ya kushuka hadi 3 au kupanda hadi 1,440, yaani siku nzima. Group Policy husubiri dakika 90, kisha huongeza dakika za kubahatisha kati ya 0 na 30. Kompyuta inayochukua masasisho kwa WSUS huuliza kila baada ya saa 22, ikipunguza hadi asilimia 20 kwa kubahatisha, kwa hiyo inaweza kuja baada ya saa 17 na nusu na ushee. Intune, kompyuta ikishasajiliwa na kuzoea, ni takriban saa 8. Jamf Pro, wanayoitumia wenye kompyuta za Mac, huanza na dakika 15, Puppet, 30. Usizione tofauti hizo ukadhani kuna aliyezembea. Kila mmoja alipima uzito wa kazi inayofanyika kila ajenti inapofika.

Na kazi hiyo ina uzito. Seva inathibitisha kwanza kwamba kompyuta ni ile inayodai kuwa, inaingia kwenye kanzidata kutafuta maagizo yake, inajibu, inaandika kwamba imejibu. Chukua kalamu tuhesabu. Taasisi yenye kompyuta 3,000 zinazoripoti mara moja kwa saa inapokea maswali 50 kwa dakika. Shusha ziwe dakika tano: maswali 600 kwa dakika, kumi kila sekunde, mchana na usiku ofisi ikiwa imefungwa, na karibu yote yatajibiwa kwamba hakuna jipya. Baada ya wiki utaona kioo chako cha usimamizi kinachelewa kufunguka, ripoti zinakwama, na utaandika barua ya kuomba seva kubwa zaidi. Fedha ya umma itanunua seva hiyo. Jambo hili linaniuma kuliko nionyeshavyo.

Kwenye Group Policy mtego ni mkubwa zaidi. Anayeweka sifuri akidhani ameondoa kusubiri, kompyuta zake zitajaribu kujisasisha kila sekunde 7. Kumbukumbu za makosa zitajaa, na watumishi watalalamika kwamba mashine zimekuwa nzito, bila kujua sababu.

Wala msongamano wa namna hii si habari ya kutisha watoto. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, kilijikuta kinafurikiwa na data kwenye seva yake ya kutoa saa sahihi. Ruta ndogo za nyumbani za Netgear zilikuwa zimeandikiwa anwani ya seva hiyo ndani yake, moja kwa moja kutoka kiwandani, na zikikosa jibu zilikuwa zinauliza tena kila sekunde. Ruta moja ikiuliza kila sekunde haimsumbui mtu. Hizi zilikuwa laki kadhaa, na mafuriko yalipofika kilele yalipita vifurushi 250,000 kwa sekunde. Seva ilipoelemewa, majibu yakapungua. Majibu yalipopungua, maswali yakaongezeka. Tafakari mzunguko huo kabla hujaandika namba tano pale. Miaka minne baadaye, Agosti 2007, Skype ilianguka karibu siku mbili duniani kote. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kompyuta nyingi mno zilijizima na kujiwasha ndani ya muda mfupi baada ya kupokea masasisho ya Windows, zote zikarudi kujiunga kwa pamoja, na hitilafu iliyokuwa imelala katika programu yao ikaamka.

Ndiyo sababu zile dakika za kubahatisha, ambazo vijana mnaziona za kukera, nawaomba msizifute. Umeme ukirudi jengo zima baada ya kukatika, kompyuta zote zinaamka dakika ileile. Hizo dakika za kubahatisha ndizo zinazotawanya zamu zinazofuata ili mashine zisiandamane siku nzima. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika na kurudi tunazihitaji kuliko wengi.

Sasa tuje kwenye kiini. Tuseme umeshusha hadi dakika tano na seva imestahimili. Je, programu itafika mapema? Nimekaa na wengi walioamini hivyo, na mara nyingi haikufika mapema hata kidogo, kwa sababu ucheleweshaji haukuwa pale. Ukitaka kujua uko wapi, chagua kompyuta moja tu ambayo haijapokea, ufuatilie safari yake hatua kwa hatua. Si ripoti ya kompyuta zote, wala rangi za duara kwenye kioo. Kompyuta moja, yenye jina, kwenye meza ya mtu.

Anza na kundi. Katika Configuration Manager unasambaza kwa kundi la kompyuta, na kundi lisipoguswa mipangilio yake huhesabiwa upya mara moja kila siku 7. Kompyuta iliyosajiliwa jana inaweza isiwemo kwenye kundi mpaka wiki ijayo. Hata ikiripoti kila dakika tatu itaambiwa kila dakika tatu kwamba haina agizo, na seva itakuwa inasema kweli. Upo mpangilio wa kulifanya kundi litazamwe kila dakika 5 kuona walioongezeka. Uwashe kwa makundi machache yenye haja hiyo. Microsoft wanashauri yasizidi 200, na kwa taasisi zetu hata kumi ni mengi.

Kisha tazama saa uliyoipanga. Kwenye fomu ya usambazaji kuna mahali pa kuchagua kama muda ni wa kompyuta ilipo au ni wa UTC. Ukichagua UTC na kuandika 12:00 ukitegemea saa sita mchana, Dar es Salaam na Nairobi agizo litaanza kazi saa tisa alasiri. Saa tatu nzima umekaa unailaumu ajenti ambayo inatii ulichoandika.

Kama unasambaza kwa Group Policy, sikiliza kwa makini zaidi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza siku. Programu inayosakinishwa kwa njia hiyo haisakinishwi katika zile zamu za dakika 90. Kompyuta husoma agizo, lakini kazi yenyewe hufanyika wakati wa kuwaka au mtumiaji anapoingia. Tangu Windows XP, kompyuta za wafanyakazi zimezoeshwa kuingia haraka bila kuusubiri mtandao ukae sawa, kwa hiyo mara ya kwanza inatambua tu kuwa kuna programu, na inaisakinisha safari inayofuata. Mtu anawasha na kuzima mara mbili ndipo aione. Upo mpangilio wa kuilazimisha isubiri mtandao inapowaka. Utafute, uujaribu kwanza kwenye ofisi moja, maana utaongeza muda wa kuwaka asubuhi. Na tangu Windows 8 kuna uwashaji wa haraka, ambao mtu akibonyeza kuzima, kiini cha mfumo hakizimwi kikamilifu bali huhifadhiwa kwenye diski kilivyo. Mtumishi atakuapia kwamba alizima na kuwasha, na atakuwa hasemi uongo. Mwambie achague kuwasha upya, yaani "Restart". Neno hilo moja kwenye tangazo lako litakusaidia kuliko kupunguza dakika.

Baada ya hapo yanabaki mafaili yenyewe. Agizo ni maandishi machache, programu ni megabaiti mamia. Mara nyingi agizo limefika vizuri, ila kompyuta haijui pa kuchukulia mzigo, kwa sababu tawi jipya lilifunguliwa na hakuna aliyeingiza anwani za mtandao wake kwenye orodha ya mipaka. Faili ya LocationServices.log itakuonyesha wazi: ajenti inauliza mzigo uko wapi na inarudi mikono mitupu. PolicyAgent.log itakuambia kama agizo lilipokelewa, AppEnforce.log kama usakinishaji ulianza na uliishia wapi. Yafungue mafaili haya, mwanangu. Yameandikwa kwa ajili yako, na mengi hayafunguliwi na mtu mpaka mkaguzi aje.

Lakini kuliko yote hayo, ninalotaka ulishike ni hili: kompyuta inayochelewa sana kuripoti kwa kawaida ina ugonjwa, na muda uliopangwa hauhusiki. Zenye afya huja zenyewe ndani ya saa moja au mbili. Zile ambazo siku tatu hazijaonekana hazitaponywa kwa kuamriwa zije kila dakika tano, kwa kuwa haziwezi kuja.

Kuna ambayo saa yake imepotea. Betri ndogo bapa iliyo ndani, ile CR2032, imekufa baada ya miaka mingi, na kwa kuwa mtu anazima umeme ukutani kila jioni, kila asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka mwingine. Kerberos, utaratibu wa kutambulishana ndani ya Active Directory, kwa kawaida unavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Ikizidi, kompyuta inakataliwa. Usajili wa cheti nao unakwama, maana kwa saa ya mashine hiyo cheti bado hakijaanza kutumika. Dawa yake ni betri inayouzwa duka lolote la vifaa vya umeme, na mtu wa kuipeleka.

Kuna zilizozaliwa pacha. Fundi aliandaa kompyuta moja vizuri, akanakili diski yake kwa nyingine ishirini bila kupitisha Sysprep, na zote zikabeba kitambulisho kimoja cha WSUS, kile kinachoitwa SusClientId kwenye rejista ya Windows. Seva inaona kompyuta moja inayobadilisha jina. Leo imo hii, kesho imetoweka imekuja ile, na wewe unahangaika kwamba haziripoti, kumbe zinaripoti zote kwa jina la mwenzao. Futa kitambulisho hicho, anzisha upya huduma ya Windows Update, kompyuta itajitengenezea chake.

Nyingine inauliza anwani kwa seva ya DNS iliyoondolewa muda mrefu uliopita. Nyingine diski imejaa picha za harusi. Nyingine huduma ya ajenti ilizimwa na mtu aliyeambiwa kwamba ndiyo inayoifanya mashine kuwa nzito, na huenda kweli ilikuwa inaielemea, kwa sababu kuna aliyeipangia iulize kila dakika tatu. Nyingine imo kabatini tangu mwenyewe alipostaafu. Hizi zote kwenye kioo chako zina alama moja tu ya kuuliza, na ndiyo maana orodha hiyo unatakiwa kuisoma jina kwa jina, ukiwa na simu mkononi, ukimpigia karani wa tawi kwa heshima na kumwomba aangalie.

Sijasema haraka haina mahali pake. Ipo siku unahitaji agizo lifike sasa hivi, na siku hiyo hakuna haja ya kila kompyuta kuuliza kila mara. Iite wewe. Tangu toleo la 2012 SP1, Configuration Manager ina njia ya kuzijulisha kompyuta: ajenti huacha mawasiliano wazi na seva, kwa kawaida kwenye poti 10123, na wewe ukibonyeza kuiagiza ichukue maagizo, inaambiwa papo hapo ije. Poti hiyo ikiwa imefungwa, hurudi kutumia njia ya kawaida ya wavuti. Intune nayo hutuma taarifa ya kuiamsha kompyuta unapobonyeza kusawazisha. Salt, chombo kingine cha kusimamia kompyuta, ilijengwa hivyo tangu mwanzo: kompyuta zinasikiliza poti 4505 ya seva kuu muda wote zikingoja neno. Group Policy inaweza kuitwa kwa mbali kwa kundi zima la kompyuta, na hata hapo waliotengeneza waliweka ucheleweshaji wa kubahatisha wa hadi dakika 10, kwa sababu ileile niliyokwisha kukueleza. Kwa hiyo usingizi wa dakika 60 hauna ubaya. Kompyuta ilale, ukiihitaji uiite. Kabla hujabadilisha dakika, muulize mwenzako wa mtandao kama poti 10123 iko wazi kutoka matawini. Mara nyingi haiko, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Nikwambie pia kuhusu laini. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika pwani yetu mwaka 2009, matawi mengi ya mbali yalitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kupanda, kushuka, na jibu kurudi njia ileile huchukua takriban nusu sekunde hata anga likiwa safi, na hodi moja ya ajenti ni maswali na majibu mengi yanayofuatana. Leo wengi mna mkongo na mmesahau. Lakini Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja kusini mwa Afrika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Tawi lenye kompyuta 40 na laini ya megabiti chache, kila moja ikivuta mzigo wa megabaiti 500 kutoka makao makuu, ni gigabaiti 20 kwenye laini ileile ambayo keshia anaitumia kuhudumia wateja. Washa BranchCache au Delivery Optimization ili kompyuta ya kwanza ikishachukua, wenzake walio jirani wachukue kwake. Hapo ndipo utakapoona saa zinageuka dakika.

Na haraka yenyewe, mwanangu, uiogope kidogo. Programu haribifu ya WannaCry ilipoivamia dunia tarehe 12 Mei 2017 na kuzikwamisha hospitali za umma Uingereza, kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili. Saa moja ya kusubiri zamu haikuwa na sehemu katika madhara yale; mashine ziliumia kwa kuwa hakuna aliyezifuatilia zile ambazo hazikupokea. Kisha angalia upande wa pili. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa faili ya masasisho yenye kasoro saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu. Walipoiondoa dakika 78 baadaye, kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka, na nyingi zilihitaji mtu asimame mbele yake kuzitengeneza kwa mkono. Viwanja vya ndege vilisimama. Usambazaji wao ulikuwa wa kasi ambayo wewe leo unaitamani, na haukuwa na ngazi za kujaribu kwa wachache kwanza. Kampuni ilisema baadaye kwamba itaziweka.

Ziache dakika 60 zilivyo. Chagua kompyuta kumi: moja ya tawi la mbali, moja ya keshia, laptopu moja ya afisa anayesafiri, na zilizobaki za kawaida. Ziite hizo kumi sasa, usizisubiri, na uzisome zile faili za logi mpaka uone programu imeingia na imefunguka. Zikikaa salama mpaka kesho mchana, ongeza idara moja, kisha matawi mawili. Wakati hayo yanaendelea, toa orodha ya kompyuta zote ambazo hazijaripoti kwa siku saba, uipange kwa tawi, na uanze kupiga simu. Tawi lenye nyingi kuliko mengine lina tatizo la mtandao, lishughulikie kabla ya mashine mojamoja. Mkurugenzi akipiga tena, mpe idadi ya zilizopokea, idadi ya zilizopotea na majina ya matawi yake, halafu mwombe gari la kwenda huko na fedha ya betri.